Kwa nini tunacheka mtu akijikwaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mahali watu wanapokaa pamoja: barazani, kwenye foleni, ndani ya daladala iliyofunga breki ghafla. Nimeyajibu nikiamini jambo moja, kwamba kicheko cha mwereka wa mtu, kikija mahali pake, ni namna ya kutangaziana kuwa mtu yu salama. Kikija pasipo pake kinaumiza kuliko mwereka wenyewe. Na tofauti ya hayo mawili inaweza kujulikana.

Mtu akiteleza, mbona kicheko kinatoka kabla ya "pole"?

Kwa sababu akili imeshamaliza hesabu yake kabla ulimi haujaanza kazi.

Chukua siku ya masika sokoni, njia imejaa utelezi. Mama mmoja anapita katikati ya meza za nyanya, kapu mkononi, kanga ameikaza kiunoni. Ndala ya kulia inachomoka, mguu unakwenda mbele peke yake, mkono unapiga hewa mara mbili tatu, na puu! amekaa chini kwenye tope. Wachuuzi wananyamaza. Wote wanamtazama usoni. Yeye anachungulia kapu lake, anaona nyanya zipo zote, anaachama: "Haa! Leo nimepatikana!" Hapo ndipo soko zima linapoangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho hicho watu wawili wameshamshika mkono kumwinua, na "pole mama, pole sana" zinamiminika kutoka kila meza.

Ule ukimya mfupi ndio wenye siri. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, waliandika kwamba kitu huchekesha pale mambo mawili yanapokutana kwa wakati mmoja: kuna jambo limekwenda kombo, na papo hapo jambo hilo linaonekana halina madhara. Likikosekana la kwanza, hakuna cha kuchekea. Mama amepita sokoni, basi. Likikosekana la pili, nyonga imevunjika na watu wanakimbilia kutafuta bajaji.

Miaka 12 kabla yao, mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alikieleza kicheko kuwa tangazo kwa kundi zima: mlichokidhani hatari si hatari, msihangaike. Mimi naona maelezo haya mawili yanakamilishana. La kwanza linaeleza kwa nini tunacheka, la pili linaeleza kwa nini tunacheka kwa sauti.

Kwa nini uso wa aliyeanguka una uzito hivyo?

Kwa sababu ndio unaotoa ruhusa. Watafiti wa Milano, Italia, waliwaonyesha watu picha za wenzao waliopatwa na mikasa midogo huku wakipima umeme wa ubongo wao. Katika matokeo yao ya mwaka 2014, picha zilizochekesha ni zile ambazo mhusika ana uso wa kushangaa, wa mtu asiyejua kilichompata. Uso ukionyesha maumivu au hasira, kichekesho kinapungua, ingawa mwereka ni ule ule.

Hili kila mtu analijua kwa macho. Midomo iliyoachama na nyusi zilizopanda hutuchekesha. Meno yaliyokazwa hutunyamazisha.

Basi kumcheka aliyeanguka si dalili ya roho mbaya?

Wapo wakubwa waliosema ni roho mbaya. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, aliona kicheko kuwa fahari ya ghafla: unamwona mwenzako yuko chini, unajiona wewe uko juu, unafurahi. Kuna ukweli ndani yake, maana kicheko cha aina hiyo kipo, na aliyewahi kusoma shule ya bweni anakifahamu. Lakini hakielezi soko letu. Wale wachuuzi walisubiri mama aonekane mzima ndipo wakacheka. Anayetaka kujitukuza asingesubiri.

Aristotle, karne nyingi kabla ya Hobbes, alikuwa karibu zaidi na ukweli. Alisema kinachochekesha ni kosa au ubaya wa aina fulani usioleta maumivu wala maangamizi. Yaani mpaka umewekwa tangu zamani.

Tena huruma haizimwi na kicheko. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake jijini London walipima ubongo wa wanawake huku wapenzi wao wakipewa pigo dogo la umeme mkononi. Sehemu kadhaa za ubongo zinazofanya kazi mtu mwenyewe anapoumia ziliamka pia alipoumizwa mpenzi. Tumeumbwa tuguswe na maumivu ya mwenzetu. Ndiyo maana kabla ya kucheka tunakunja uso kidogo na kuvuta pumzi kwa meno, "sss!", kana kwamba kidole kilichogongwa ni chetu.

Ukitaka kujua kicheko chako ni cha aina gani, angalia mikono yako iko wapi. Anayecheka huku anamwinua mwenzake ana moyo safi. Anayecheka huku amekunja mikono ajiulize.

Mbona mwenye maringo akianguka kicheko kinakuwa kikubwa zaidi?

Henri Bergson, Mfaransa aliyeandika kuhusu kicheko mwaka 1900, alianza na mfano wa mtu anayekimbia barabarani, akajikwaa, akaanguka. Kwake, kinachochekesha ni mwili kuendelea na mwendo wake kama mashine wakati hali imeshabadilika na mtu alipaswa kubadilika nayo. Sasa mtazame kijana aliyevaa suti mpya, kichwa juu, simu sikioni, anatembea kwa madaha hadi anaugonga mlango wa kioo. Ile sura aliyojitengenezea inaendelea kwa nusu sekunde baada ya paji la uso kufika kwenye kioo. Mkono bado umeshika simu kwa ustaarabu ule ule, na mdomo bado unasema "ndiyo, ndiyo". Kadiri mtu anavyojipanga, ndivyo linavyokuwapo jambo la kubomoka.

Halafu ipo haki yetu ya mtaani: aliye juu mngojee chini. Singer alirudi tena mwaka 2006 na jaribio jingine. Watu walicheza mchezo wa fedha, wengine wakicheza kwa haki na wengine kwa hila, kisha wakatazama wachezaji hao wakiumizwa kidogo. Huruma kwa wenye hila ilipungua, na kwa wanaume ilipungua sana, hata sehemu za ubongo zinazohusika na kuridhika zikaamka. Huu ni upande wa kicheko ninaouogopa, kwa sababu mtu akishaamini mwenzake "anastahili", hasubiri tena kuona kama ameumia.

Kidole cha mguu kikigonga mguu wa kitanda, mbona maumivu huja mara mbili?

Habari ya pigo hupanda kwa njia tofauti zenye kasi tofauti. Mguso hutangulia, kwa nyuzi nene za fahamu zenye ala ya mafuta, kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Nyuma yake yanakuja maumivu ya kwanza, makali, ya kuchoma, kwa nyuzi zinazokwenda mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Maumivu ya pili, yale mazito yanayokukalisha chini, hupitia nyuzi nyembamba zisizo na ala, na ujumbe wake hutambaa karibu mita 1 tu kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima ni karibu mita 1. Kwa hiyo kuna kitambo, kama sekunde nzima, ambapo umeshajua umejigonga, umeshachomwa na yale makali, na yale mazito bado yako njiani.

Kitambo hicho ndicho kinachochekesha kuliko vyote. Mtu amesimama gizani kwa mguu mmoja, ameshika ukingo wa kabati, pumzi ameizuia, macho ameyafumba, anasubiri. Aliyelala kitandani anajua kabisa mwenzake anasubiri nini, kwa kuwa naye yalishampata. Anaanza kuchekea ndani ya shuka. Kisha yanafika: "Yalaaa!" Na wote wawili wanajua kwamba kesho asubuhi kidole kitakuwepo.

Na kiwiko? Kwa nini ukikigonga ni kama umepigwa shoti?

Kwa sababu hukugonga mfupa, umegonga mshipa wa fahamu. Mshipa uitwao alna hushuka kutoka shingoni hadi mkononi, na sehemu kubwa ya safari yake umefichwa na misuli. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, unapita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa, na hapo juu yake ni ngozi na nyama kidogo tu. Pigo likitua hapo, mshipa unabanwa kwenye mfupa na kutuma ujumbe wa ovyo. Ganzi na mtekenyo huenda hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, kwa sababu ndiyo sehemu unayoihudumia. Hisia hiyo ni ngeni, hainyooki kuwa maumivu wala mtekenyo, na mtu hujikuta anacheka na kulalamika kwa pumzi moja. Ganzi ikirudi kila siku bila kugongwa, hiyo ni habari nyingine, aonwe daktari.

Kusugua, kurukaruka na kupiga kelele vinasaidia kweli?

Kusugua kunasaidia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna namna ya lango: habari za mguso zikiwa nyingi, zinabana nafasi ya habari za maumivu kupanda. Maelezo yao yamerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini jambo lenyewe limesimama. Mama anayepuliza na kusugua goti la mtoto, "basi mwanangu, imeisha," anafanya tiba.

Kuhusu maneno makali, Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, alionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliozamisha mkono kwenye maji ya barafu walivumilia muda mrefu zaidi wakirudia tusi kuliko wakirudia neno la kawaida. Mwaka 2020 yeye na mwenzake wakajaribu matusi ya kubuni, mojawapo likiwa limetungwa makusudi ili lichekeshe. Liliwachekesha kweli, ila maumivu hayakupungua. Inaonekana neno hupata nguvu yake kwa kukatazwa tangu utotoni.

Sisemi watu watukane mbele ya wakwe. Waliotulea walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na "Mama yangu wee!" inawatosha watu wengi tunaowafahamu.

Je, kicheko hupunguza maumivu?

Ndiyo, kwa kiasi, hasa mkicheka pamoja. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walichapisha mwaka 2012 majaribio ambayo watu walitazama vichekesho au vipindi visivyochekesha, kisha wakapimwa uvumilivu kwa vitu kama mfuko wa barafu uliozungushwa mkononi. Waliocheka kwa dhati walivumilia zaidi. Dunbar alidhani ni kwa sababu ya endofini, kemikali za mwili zinazofanya kazi kwa njia inayofanana na ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, wakathibitisha kwa picha za ubongo: wanaume 12 walipokaa na marafiki zao wakicheka, ubongo uliachia kemikali hizo.

Lazima kiwe kicheko cha kweli, kile kinachokamua mbavu mpaka pumzi inakata. Tabasamu la adabu halitoshi. Na aliyevunjika mbavu au mwenye mshono mbichi tumboni tumwonee huruma, kwake kicheko chenyewe ndiyo maumivu.

Mbona kidole nilichogonga jana kinachekesha leo, lakini ajali inahitaji miaka?

McGraw na Warren, pamoja na wenzao wawili, walilichunguza hili mwaka 2012. Waliwauliza watu kipi kinachekesha zaidi, kugongwa na gari jana au miaka 5 iliyopita. Wengi walisema miaka 5 iliyopita. Kwa kujikwaa kidole jibu liligeuka, cha jana kinachekesha kuliko cha miaka 5. Jambo zito linahitaji umbali ili lipungue ukali. Jambo dogo likikaa mbali sana linakauka, halina hata maumivu ya kuchekea.

Baadaye walifuatilia kimbunga Sandy kilichopiga Marekani mwishoni mwa Oktoba 2012. Utani kukihusu haukupendwa wakati madhara yalipokuwa mabichi, ukapanda, ukafika kilele baada ya siku kama 36, kisha ukachosha. Hata majanga yana msimu wake wa kuchekewa, na anayewahi msimu huo anawaumiza waliofiwa.

Kwa nini mtoto akianguka hututazama kwanza, ndipo alie?

Anatafuta maana ya kilichompata. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo iliyoonekana kuwa na shimo la wastani chini yake, na mama akisimama upande wa pili. Mama alipoonyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha hofu, kati ya watoto 17 hakuna aliyevuka. Mtoto aliyekaa chini ghafla anafanya vivyo hivyo: anakusoma usoni kama hili ni janga au mchezo.

Na ana mazoezi ya kutosha. Karen Adolph wa New York aliripoti mwaka 2012 kwamba watoto wanaojifunza kutembea, wakiwa wanacheza huru, hupiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17. Wengi huinuka na kuendelea bila hata kulia. Ukimkimbilia kila mara na "Yesu wangu!" au "Laa ilaaha!", unamfundisha kwamba kuanguka ni msiba. Ukisema "opaa!" kwa uso mkunjufu, huku jicho lako likikagua kichwa na mdomo, utashangaa mara ngapi anacheka. Ila asipocheka, mbebe. Kumcheka mtoto anayelia kwa dhati ni kumwambia kwamba anachosikia mwilini mwake hakipo.

Na mtu aliyetafuna pilipili mbuzi bila kujua?

Hakuna kidonda, hakuna moto, lakini mwili unaapa kwamba upo. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walitambua kipokezi kwenye neva kinachoamshwa na kemikali ya pilipili na pia na joto la nyuzi 43 na zaidi. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ubongo unapokea habari ya kuungua, macho yanachuruzika, pua inafunguka, mtu anapepea ulimi kwa kiganja, na meza nzima inajua kwamba baada ya robo saa atakuwa mzima. Tahadhari ya uongo iliyo wazi kuliko hii ni shida kuipata. Mwanasaikolojia Paul Rozin ameandika kwamba binadamu hufurahia kabisa maumivu ambayo akili inajua hayana hatari. Ndiyo maana aliyelia kwenye urojo leo kesho anaomba aongezewe.

Mpeni maziwa au mtindi, maana kemikali hiyo huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Ganda la ndizi linaangusha kweli, au ni la kwenye vichekesho tu?

Linaangusha. Kiyoshi Mabuchi na wenzake wa Japani walilipima na kukuta msuguano chini ya kiatu kilichokanyaga ganda ni takriban 0.07, kama moja ya sita ya ule wa kukanyaga sakafu yenyewe. Ukiliponda, utomvu laini wa upande wa ndani unatoka na kuwa grisi. Walipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2014, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zinafikirisha.

Wachekeshaji wa kujiangusha wanafanyaje tusiwaonee huruma?

Wanaondoa maumivu usoni na kuyaacha mwilini tu. Amri Athumani wa Tanga, ambaye Afrika Mashariki ilimjua kwa jina la King Majuto, alikuwa bingwa wa uso. Macho yalimtoka, mdomo ukaduwaa, na hata mtazamaji mwenye moyo mwepesi alijua mzee ataamka. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018, na vipande vyake bado vinatazamwa na watoto ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai. Nawaheshimu sana watu wa fani hii. Kuanguka vizuri kunahitaji kujua goti litue wapi, kiganja kipige sakafu wakati gani ili sauti iwe kubwa kuliko pigo.

Na hatari ni ya kweli. Buster Keaton wa Marekani, aliyesifika kwa uso usiobadilika hata nyumba ikimwangukia, mwaka 1924 alisukumwa na maji ya tangi la reli wakati wa kupiga picha za filamu, shingo ikagonga chuma cha reli. Miaka mingi baadaye eksirei ilionyesha shingo iliwahi kuvunjika. Watazamaji walicheka kwa sababu uso wake haukuwaambia kitu.

Mimi hucheka hata pasipofaa, kwenye ajali au msibani. Nina kasoro?

Huenda ni mshtuko tu. Katika jaribio maarufu la Stanley Milgram lililochapishwa mwaka 1963, watu waliamini wanampiga mwenzao shoti za umeme kwa amri ya msimamizi. Kati ya 40, watu 14 walicheka au kutabasamu kwa wasiwasi, na hawakuwa wakifurahi. Mwili uliozidiwa hutafuta mlango wa kutokea, na kicheko ni mmojawapo. Kwetu lipo tukio la Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule walianza kucheka bila kujizuia, ikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala maambukizi. Wengi wa wale mabinti walikuwa wakilia pia.

Tena jamii zetu zimeweka nafasi halali ya kucheka katika uchungu. Kwenye makabila mengi ya Tanzania, watani huja msibani wakaigiza hata mwendo wa marehemu na namna alivyokuwa akichechemea, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Mtani amepewa ruhusa hiyo na mila. Mpita njia hajapewa. Kicheko cha mshtuko kikikutoka mbele ya majeruhi, sema wazi, "Samahani, nimeshtuka," kisha fanya kazi ya kusaidia.

Ni wakati gani kucheka ni kosa kabisa?

Anapoanguka mzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi zaidi kati yao. Bibi akiteleza bafuni na kusema "sijaumia, wajukuu zangu", usimwamini upesi, maana wazee huficha maumivu ili wasiwasumbue watoto. Tazama miguu yake. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Usimvute mikono kumsimamisha, mwacheni alale mlivyomkuta, mfunikeni, tafuteni usafiri unaoweza kumbeba akiwa amelala.

Vivyo hivyo aliyegonga kichwa. Akipoteza fahamu hata kidogo, akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akaongea yasiyoeleweka, au kichwa kikazidi kuuma, apelekwe hospitali hata kama mwanzoni alicheka na nyie.

Na kosa jingine ni kumcheka mtu anayeanguka kwa sababu ya ulemavu au kifafa. Pale hakuna mwereka, kuna maisha ya mtu. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, nami naungana nao kwa moyo wote.

Nimemrekodi rafiki akianguka. Niitume kwenye kundi la WhatsApp?

Muulize kwanza. Alipoanguka mbele yenu mlimwona akiinuka, mkamfuta tope, mkasindikizana nyumbani. Video ya sekunde nane inabeba mwereka peke yake na kuacha yote hayo. Atakayeitazama mji mwingine hana namna ya kumpa pole. Rafiki akikubali, tena akiituma yeye mwenyewe na maneno yake, mambo ni tofauti kabisa.

Nikijigonga nikiwa peke yangu mbona sicheki?

Robert Provine, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakicheka mitaani na madukani, alikuta mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake bila redio wala televisheni. Ukiwa peke yako jikoni, mbuzi ya nazi ikakukwaruza kidole, hakuna wa kumtangazia kwamba uko salama. Unanyonya kidole, unafoka kidogo, unaendelea kukuna. Jioni mkishakaa kula, mtu akauliza hicho kitambaa kidoleni ni cha nini, ndipo unaanza kusimulia, na kabla hujafika katikati unacheka wewe kwanza.